Yadira Atasoma Shule ya Juu

Jumapili, 11 Agosti

Leo tumekula kwa Fidencio. Tamali za mahindi mabichi, kila moja imefungwa kwenye ganda lake. Nilikula saba. Fidencio alikula tano akashika tumbo. Hilo liandikwe kwanza.

La pili. Binti yangu Macrina amesema mtoto wake Yadira aanze darasa la kwanza mwezi huu. Ana miaka sita kamili. Hapa San Marcial tuna shule mbili. Shule ya juu iko karibu na mlango wangu. Shule ya chini iko karibu na mlango wa Fidencio, ambaye ni baba wa Abundio, mume wa Macrina. Macrina na Abundio wanaoka mikate alfajiri, wanashuka nayo kwenye masoko ya vijiji vingine, wanarudi jioni. Kwa hiyo babu aliye karibu na shule ndiye atakayempeleka mtoto asubuhi. Ndiye atakayemchukua saa saba, atamlisha, atasikiliza habari zake zote. Siku tano kwa wiki. Miaka sita.

Babu mwingine atapata Jumapili, tena agawane na kanisa.

Nililiona hilo mara moja. Fidencio naye aliliona. Tulitazamana juu ya sahani kama majogoo. Akasema shule ya chini ina paa jipya. Nikasema shule ya juu ina hewa. Akasema shule ya chini ina walimu watatu. Nikasema mwalimu mkuu wa shule ya juu ni rafiki yangu mkubwa. Simjui. Lakini atakuwa.

Mke wangu Eustolia akauliza mbele ya watu, "Wewe uliyekaa darasa la pili miaka mitatu, leo ndiye mshauri wa elimu?" Walicheka wote, hata Yadira. Nilieleza kwamba mwalimu alinipenda, hakutaka kuniachia. Hawakusikiliza.

Macrina atatembelea shule ya juu Jumamosi, ya chini Jumatatu ya wiki ijayo, kisha ataamua. Amesema hataki kusukumwa na mzee yeyote. Aliposema "yeyote" alinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Wakati wa kuondoka Fidencio alininong'oneza: mtoto akija na kazi ya nyumbani utamsaidiaje, nawe kuandika kwenyewe ni shida? Ndiyo maana nimenunua daftari hili dukani leo leo. Ukurasa wa kwanza umejaa. Alale na hilo.

Jumanne, 13 Agosti

Kazi imeanza. Nimehesabu hatua kutoka mlangoni kwangu hadi shule ya juu. Mia mbili na kumi na mbili. Safi kabisa. Kisha nikashuka kuhesabu za Fidencio hadi shule ya chini. Mara ya kwanza mbwa wake alinitoa mbio kwenye hatua ya tisini, hesabu ikapotea. Mara ya pili zikatoka mia moja na sitini. Haiwezekani. Nikarudia kwa hatua za mtoto, kwa kuwa anayekwenda shule ni mtoto. Mia tatu na arobaini. Hiyo ndiyo nitakayompa Macrina. Zangu nimeziacha kwa hatua za mtu mzima, kwa sababu nilishachoka.

Halafu nikaenda kufanya urafiki na mwalimu mkuu. Anaitwa Zoraida. Mama mfupi, viatu vya mvua hadi magotini. Nilimkuta anatoa maji darasani. Akaniuliza, "Mzee wangu, umekuja kusaidia au kutazama?" Nikasema kutazama. Akanipa ufagio.

Tulipomaliza akaniambia shida yake. Ana watoto kumi na saba. Wasipofika kumi na wanane, mwalimu mwenzake atahamishwa, abaki yeye peke yake na madarasa sita. Nikamwambia wa kumi na nane yuko nyumbani kwangu, na hapo namaanisha nyumba ya binti yangu, ni kitu kile kile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimetoa neno sasa, na mimi neno langu silirudishi.

Kasoro nilizoziona: geti lina kutu. Kengele hakuna, wanagonga ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Ile ringi inalia kama sufuria. Nimeahidi kupaka geti rangi.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo nilikwenda na ndoo ya mahindi yaliyochemshwa kwenye mashine ya kusaga. Kwa kawaida huenda Eustolia. Lakini habari ikitoka hapo saa mbili asubuhi, saa nne imefika hadi mtoni. Mwenye mashine ni Bibi Transito. Ana mjukuu wa kike wa umri wa Yadira, naye bado hajachagua shule. Nikasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema: kengele ya shule ya chini ni kali mno, inaua masikio. Nikapangusa sikio langu kidogo, kuonyesha. Nikaondoka na unga wangu mbichi wa kuoka tortila, chapati zetu za mahindi.

Saa nne jirani alinisalimia kwa kelele. Saa tano mtu wa pili. Saa sita padre mwenyewe alinishika bega akapayuka kwamba ataniombea. Habari iliyofika mtoni ni kwamba mzee Eleuterio anakuwa kiziwi, maskini, na bado hataki kukubali.

Eustolia ameshinda akiongea nami kwa ishara. Anajua nasikia vizuri. Amefurahi tu.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimerudi mashineni kusafisha jina. Nikamwambia Transito mbele ya foleni nzima kwamba masikio yangu ni mazima, sisimizi akipanda ukutani namsikia. Akasema, "HAYA, MZEE, TUMEKUELEWA." Nikamwambia asipige kelele. Akasema, "EH?"

Mchana nimepaka geti. Rangi ni ile ya bluu iliyobaki nilipopaka kaburi la marehemu kaka yangu Crescencio. Rangi nzuri sana. Ilikuwa imeganda, nikaichanganya na mafuta ya taa na nguvu. Ukungu ulishuka nikiwa nimefika nusu, kisha mvua. Nililifunika geti kwa turubai langu la kuanikia kahawa nikasimama chini yake hadi mvua ikakatika. Mwalimu Zoraida alinitolea kikombe cha chokoleti ya moto. Akauliza kwa nini najitesa hivi. Nikasema mimi ni mtu wa elimu.

Jumamosi, 17 Agosti

Macrina na Yadira wamekuja kuona shule ya juu. Rangi haikukauka. Si kosa langu, ni kosa la Agosti. Nililishikilia geti wazi kwa kofia yangu ili wasiliguse. Kofia sasa ni ya bluu mbele. Mgongo pia, kwa sababu nilisahau nikaegemea.

Macrina alilitazama geti muda mrefu. Akasema, "Baba, hii si rangi ya baba mkubwa Crescencio?" Nikasema inafanana. Akaziba mdomo na mtandio, mabega yakamtikisika. Alikuwa analia au anacheka, sikujua, na sikuuliza.

Nilimpa zile hesabu za hatua. Akasema ahsante. Yadira aligonga ile ringi kwa chuma akafurahi, akataka kugonga tena. Anajua kuhesabu hadi ishirini tu, basi aligonga ishirini. Aliniuliza, "Babu, nani ataniletaga shule?" Nikasema mama anafikiria bado. Akasema basi mwambie afikirie wewe.

Nimeandika hilo neno kwa neno. Fidencio, anayepiga tuba, lile tarumbeta kubwa, kwenye bendi ya kijiji, hana neno kama hilo kwenye daftari lake la nyimbo.

Lakini simwamini Fidencio. Macrina akishuka Jumatatu atakuta paa jipya linang'aa. Lazima nifanye kitu. Kesho baada ya misa shule ya chini ina mkutano wa wazazi. Nimepata wazo kubwa.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike polepole.

Wazo lilikuwa hili. Niingie kwenye mkutano wao, nisimame, nitaje kasoro zote za shule ya chini hadharani. Kijiji kizima kisikie. Jioni Macrina asikie kwa wenye shule wenyewe, si kwangu.

Mlangoni palikuwa na meza na katibu, kijana mwenye miwani. Akasema mkutano ni wa wenye mtoto hapa tu, wengine hawaruhusiwi kuingia wala kusema. Akanigeuzia kitabu. Safu ya kwanza jina lako, safu ya pili jina la mtoto, safu ya tatu saini. Juu yake palikuwa na maandishi mengi ambayo sikuyasoma, ni mwandiko wa kuku. Nikaandika Eleuterio. Nikaandika Yadira. Nikatia saini yangu yenye mkia. Katibu akasema mwandiko wangu mzuri. Nikaingia kifua mbele.

Kila mtu hapa anajua siku ya kuchagua kamati ya shule ikoje. Ni mwaka mzima wa kazi bila shukrani, na aliyetajwa mkutanoni hakatai. Kwa hiyo watu wanatazama ndala zao. Wanapumua kidogo kidogo. Mwanamume mwenye akili hafungui mdomo hata kupiga miayo. Mimi nimetumikia kijiji hiki mara kumi na moja, tangu tarishi wa ofisi hadi mtunza kanisa. Najua. Lakini nina miaka sabini na moja, na kijiji humwachia mtu akifika sitini. Nilikuwa salama kama niko kitandani.

Nikasimama. Tangi la maji linavuja. Magugu yamefika magotini. Kuni za jikoni zimelowa. Nilipanga kusema matatu, yakatoka saba. Nikasema shule hii inahitaji mtu mwenye mgongo, na kwa mwezi mmoja yote yangekwisha. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na mgongo wa miaka sabini, mzee, unafaa?" Nikamjibu mgongo huu unapandisha gunia la kahawa kutoka bondeni bila kupumzika, na vijana wa siku hizi wakibeba kofia mbili wanaomba kiti. Wakapiga makofi. Nilidhani ni makofi ya kawaida.

Fidencio akasimama taratibu. Akavua kofia. "Ndugu zangu," akasema, "mzazi mwenzetu ameongea vizuri kuliko sisi sote. Namtaja mzee Eleuterio awe mwenyekiti wa kamati."

Sijawahi kuona mikono ikipanda haraka vile. Fidencio alinyoosha yote miwili.

Nikasema mimi si mzazi wa shule hii. Katibu akainua kitabu. "Yadira, darasa la kwanza. Umeandika mwenyewe, mzee. Hii ndiyo orodha ya kuandikisha."

Nikasema umri wangu umepita. Yule wa nyuma akasema, "Na gunia la kahawa?"

Nikasema kusema kweli siku hizi masikio yangu hayasikii vizuri. Hapo Bibi Transito, ambaye binti yake mdogo anasoma pale, akainuka kwenye benchi la akina mama. "Si juzi tu umetuambia unamsikia sisimizi ukutani?"

Nilikuwa nimesema, tena mbele ya foleni nzima.

Wamenipa funguo tano kwenye waya. Mmoja haufungui kitu chochote, wanautunza kwa heshima.

Jumatatu, 19 Agosti

Macrina alikuja kabla ya saa tatu. Hakwenda sokoni. Unga umemfika viwikoni. Alikuwa ameshasikia, maana alipita mashineni.

Alisimama mlangoni akasema, "Baba, mimi nilishaamua. Ilikuwa shule ya juu."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu Jumamosi, pale nilipolishika lile geti kwa kofia. Alimwambia Abundio kwamba mtu anayechukua rangi ya kaburi la kaka yake akampakia mtoto geti, huyo ndiye wa kumpeleka shule. Abundio alikubali. Walikuwa wanangoja leo tu, waione na shule ya Fidencio kwa adabu.

Nikakaa chini.

Nikasema nitakwenda kufuta. Akasema, "Utafuta nini, baba? Umeandikwa mkutanoni. Uwaite watu wote tena uwaambie mwenyekiti anamtoa mtoto wake kwenye shule aliyopewa? Tutapita wapi sisi na mikate yetu?" Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alinifuta bluu kidogo iliyobaki shingoni kwa kidole chenye unga, akaondoka.

Sikula mchana. Eustolia aliniwekea kahawa. Amekaa nami miaka arobaini na nane na leo ndiyo siku aliyochagua kunyamaza.

Nimekuwa na wiki moja ya kumpata mtoto yule, na nimemwandikia Fidencio kwa mkono wangu. Kwa saini yenye mkia.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekata magugu ya shule ya chini siku tatu. Kuna mengi kuliko nilivyosema mkutanoni. Tangi halivuji kidogo, linavuja kabisa. Fidencio anapita na kiti chake, anakaa kivulini, ananitazama. Ameuliza mgongo unaendeleaje. Nikasema unaniwasha kwa uvivu. Nilipofika nyumbani Eustolia alinikanda kwa mafuta ya moto, nikalia kidogo, kwa sababu ya mafuta.

Jumatatu, 26 Agosti

Siku ya kwanza ya shule. Niandike vizuri.

Jana jioni Macrina alinijia na swali. Mwenyekiti anafungua geti saa ngapi? Nikasema saa moja na nusu, kila siku, mwaka mzima, hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Na anakaa hadi lini? Nikasema hadi saa saba, kufunga. Akasema, "Basi kama unakwenda na kurudi na mtoto, mimi nina shida gani?"

Ilinichukua muda. Kisha ikaniingia.

Kwa hiyo leo saa moja Yadira alikuwa mlangoni kwangu, nywele zimesukwa mbili, viatu vyeusi, mkoba mkubwa kuliko mgongo. Tukashuka. Alihesabu hatua, kila ikifika ishirini anakunja kidole anaanza upya. Vidole vikaisha, akaazima vyangu.

Kwenye geti lake Fidencio alikuwa amesimama. Kofia mpya. Nywele zimepakwa maji. Amekuja kumpokea mjukuu ampeleke shule. Nikamwambia, "Samahani, mkwe, mwenyekiti anapita." Nikatikisa funguo. Alivua ile kofia mpya, akaivaa tena. Nimeingoja picha hiyo tangu mwaka alipopewa tuba ya bendi badala yangu.

Lakini Yadira akamnyooshea mkono wa pili. Tukaenda watatu. Sikupinga. Njia ni pana.

Darasani mwalimu aliwauliza watoto nani anajua kuandika jina lake. Yadira alisema yeye bado, lakini babu yake ameliandika kwenye kitabu kikubwa mbele ya watu wote. Niliyasikia hayo dirishani. Nilikuwa nakagua dirisha.

Saa saba na robo ikaonekana jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelipanga, ingawa sasa naona nililipanga. Nyumbani kwangu ni mbali kupanda na njaa. Nyumba ya Fidencio ni hatua mia moja na sitini. Mkewe hawezi kumlisha mtoto akamwacha mwenyekiti nje. Nikala maharage, tortila tisa na nyama ya mchuzi wa pilipili. Nimemwambia Fidencio tutaonana kesho. Na keshokutwa. Aliitazama mikono yake yote miwili.

Jumamosi, 31 Agosti

Wiki imekwisha. Nimefikiri sana, na nimeona kwamba kila kitu kilikwenda jinsi nilivyokusudia. Nilitaka kumpeleka Yadira shule, nampeleka. Nilitaka kumchukua, namchukua. Tena nakula kwa Fidencio siku tano. Mtu wa kawaida angechagua shule iliyo karibu na mlango wake akaridhika. Mimi niliona mbali. Nimemweleza Eustolia. Ametoka nje.

Jambo moja tu limebaki. Leo nimekutana na Mwalimu Zoraida njiani. Bado ana watoto kumi na saba. Hakunilaumu, alinisalimia vizuri, akasema geti limekauka. Hiyo iliniuma kuliko magugu. Nilimpa neno langu, na neno langu silirudishi.

Lakini kesho baada ya misa shule ya juu ina mkutano wake wa wazazi. Wanachagua kamati. Nami nimepata wazo. Yule mjukuu wa Bibi Transito mpaka leo hajaandikishwa popote. Mlangoni wataniuliza nimekuja kwa ajili ya mtoto gani, nami jina lake nimeshalifanyia mazoezi hapa ukurasa wa nyuma, limetoka vizuri sana. Ndiye wa kumi na nane. Transito bado hajui. Atashukuru.

Nitakaa benchi la mwisho. Hatari haipo, maana mtu hawezi kuwa mwenyekiti wa shule mbili, nadhani. Nitasikiliza tu. Labda neno moja au mawili kuhusu ile ringi ya lori, kwa sababu inaonekana hakuna mwingine mwenye ujasiri wa kusema.